Kibali cha kujenga kwenye kiwanja kinachotuama maji: anza na maji, nyumba badae

Mwezi huu peke yake nishaulizwa na watu watatu, mmoja kanunua kiwanja upande wa Fuoni hapa Unguja, mwengine yuko Chake kule Pemba, wa tatu ni mtoto wa ami yangu ambae bado hajanunua lakini dalali kamganda kama kupe, na wote suala lao moja, kiwanja kinapitiwa na maji masika sasa kibali cha ujenzi kinaombwa vipi na waanzie wapi. Bas naandika hapa yote niliyoyapitia mwenyewe, maana mie nilianza kinyumenyume. Nililipa mchoraji kwanza, nikachorewa nyumba ya vyumba vitatu na baraza yake nzuri, halafu ndo nikaja kujua kuwa pale nilipotaka kuweka ukumbi ndo njia ya maji ya mtaa mzima.

Nilinunua Januari. Kaskazi imekaza, ardhi imepasuka, nyasi kavu, dalali kanichukua asubuhi kanambia "hapa pakavu hapa, hata ukimwaga ndoo hapalowi". Na kweli palikuwa pakavu, Januari wapi pasipokuwa pakavu? Aprili nikenda kutizama nikamkuta jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, kakaa barazani kwake miguu kaiweka juu ya tofali na maji yanapita chini yake kama hayana khabari nae. Nikamwambia shikamoo bibi, akanambia marahaba mwanangu, wewe ndo uliouziwa pale? Pole. Pale sie tukipanda mpunga.

Sasa shika hili moja kabla hatujenda kwenye makaratasi. Kwenye eneo la maji anaekagua maombi yako hahangaiki sana na idadi ya vyumba wala rangi ya bati, anachotaka kujua ni maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi, yanatokea wapi, na ukishaweka nyumba yako hapo katikati hayo maji yatakwenda kwa nani. Ukiwa na jibu la hilo, tena liko kwenye mchoro sio mdomoni, yaliobaki ni foleni na muhuri. Ukiwa huna utarejeshewa karatasi kama nilivyorejeshewa mie.

KIJUE KIWANJA WAKATI WA MVUA

Masika yetu ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Disemba. Kama hujanunua bado na muuzaji anakuharakisha ununue Februari, mwambie utarudi Mei. Akikasirika bas ushapata jibu lako. Kama ushanunua (wengi wetu ndo tuko hapa) nenda pale siku ya mvua kubwa, tena nenda mvua inaponyesha, halafu rudi siku ya pili yake, halafu baada ya siku tatu. Maji yanayopita saa mbili yakaondoka ni mambo mengine, na maji yanayokaa wiki mbili mpaka vyura wakazaa ni mambo mengine kabisa, na mchoro wake sio mmoja.

Piga picha na video, simu ziweke tarehe. Picha hizi utazitumia badae kwa mchoraji na kwa mkaguzi.

Halafu tizama kuta za majirani. Maji yaliotuama huacha mstari wa rangi ya udongo ukutani, hata ukipakwa chokaa hurudi. Tizama na mimea, ukiona matete, ukindu, majimbi yamejiotea yenyewe, jua hapo maji hayako mbali. Na majina ya pahala usiyadharau, wazee hawakuwa wakitoa majina kwa kupendeza, pakiitwa Kibondeni ni bonde, pakiitwa Mtoni pana mto, pakiitwa Ziwani nawe umekwenda kununua kiwanja kujenga ghorofa na karo lake (shimo la maji ya choo) chini, sasa unamlaumu nani?

Upande wetu huu wa Mjini Magharibi kuna mabonde mengi ya asili ambayo hayana pa kutokea, maji yanashuka kutoka juu yanajikusanya yanasubiri kuzama yenyewe ardhini. Ndo maana Mwanakwerekwe, Sebleni, Kwamtipura na pembezoni mwake kila mtu anazijua khabari zake za mafuriko. Serikali ilijenga mitaro mikubwa kupitia ZUSP, mradi wa huduma za miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, imesaidia, lakini mtaro unachukua maji yanayoufikia, kiwanja chako kikiwa chini kuliko mtaro ndo utabaki unautizama tu. Na watu tunaongezeka, sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa 1,303,569 na ya 2022 tukawa 1,889,773, hao wote wanataka pa kulala, na ardhi ya juu ilikwisha zamani. Zinazouzwa rahisi sasa hivi ndo hizi za mabondeni.

Sasa kazi ya maana kweli kweli, na haigharimu kitu. Mchukue fundi na ule mpira mrefu mweupe unaoonyesha ndani, wanaoutumia kupimia leveli. Ujazeni maji mtoe hewa yote. Ncha moja ishikwe kwenye ule mstari wa maji ukutani kwa jirani, ncha ya pili aje nayo mpaka kiwanjani kwako kwenye kigingi, maji ya mpira yakitulia sawa na mstari wa jirani, maji yaliopo kwenye ncha yako ndo usawa huo huo, chora alama kwenye kigingi. Hio alama ndo mafuriko yalipofika. Mie alama yangu ilikuja sentimita 45 juu ya ardhi, karibu na goti, na mchoraji alikuwa kaniwekea sakafu sentimita 30. Yani maji yangeingia ndani yakakuta mikeka.

Kama majirani hawana ukuta wenye alama, waulize. Muulize sheha (kiongozi wa serikali pale mtaani), muulize anaeuza duka, lakini khasa waulize wanawake watu wazima maana wao ndo wanaokaa nyumbani mvua ikinyesha, wanaojua maji yaliingia jikoni mwaka gani na yalifika kwenye figa au yalipita figa. Bibi jirani yangu alinionyesha kwa mkono wake masika ya 2017 yalifika wapi, na mpira wa fundi ukaja ukapishana na mkono wake kidole kimoja.

Na kama mchoraji wako mtu wa kompyuta mwambie kuwa visiwa vyetu vyote, Unguja na Pemba, vilipigwa picha za droni kuanzia 2016, kazi ilifanywa na Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na vijana wa SUZA ndo waliokuwa wakirusha. Picha zile zinaonyesha mpaka mnazi mmoja mmoja, na kutokana nazo anaweza kupata ramani ya miinuko, akaona bonde linaanzia wapi. Ila hata ukiwa nayo mpira wa fundi usiuache.

CHIMBA SHIMO

Hii watu wanairuka halafu wanakuja kulia kwenye choo. Chimba shimo la mita moja hivi, masika. Kama linajaa maji lenyewe bila ya wewe kutia kitu, maana yake maji ya ardhini yako juu na shimo la choo la kawaida hapo haliwezekani, utakuwa unaingiza choo kwenye maji wanayokunywa watu. Kama halijai, litie maji, liwachie linywe, ulitie tena halafu weka kijiti upime baada ya nusu saa yameshuka kiasi gani. Yakishuka sentimita moja tu au yakikaa palepale, ni udongo wa mfinyanzi, karo lako halitonywa. Andika hizo namba na tarehe, mpe mchoraji.

Visima vya jirani vitizame pia, maji yako chini kiasi gani kaskazi na kiasi gani masika.

KARATASI ZA ARDHI

Hapa nitapita mbio mbio maana kila mtu anazijua kidogo, lakini kuna mambo mawili yanawakwamisha watu wa mabondeni.

La kwanza, Zanzibar ardhi yote ni ya umma iko chini ya Rais, sheria ya 1992 ndo iliyoliweka hilo wazi, mimi na wewe tunapewa haki ya matumizi. Karatasi ya mauziano uliyosaini kwa sheha na mashahidi wawili ni ushahidi kuwa mmeuziana, haikupi kibali cha kujenga, na watu wanachanganya hapa kila siku. Fatilia uhaulishaji na usajili Kamisheni ya Ardhi, jina liwe lako, mipaka iwe imepimwa. Kama ni kiwanja cha urithi hakikisha warithi wote wameweka saini, sio kaka mkubwa peke yake kauza halafu dada zake wako Dubai hawana khabari.

La pili ni eka tatu. Viwanja vingi vya mabondeni vimekatwa kutoka kwenye eka tatu walizopewa wazee baada ya Mapinduzi ya 1964, na zile zilitolewa kwa kulima. Au vimekatwa kwenye mabonde ya mpunga kabisa. Sasa ukienda kuomba kibali cha nyumba kwenye ardhi iliyoandikwa kilimo utaambiwa ubadilishe matumizi kwanza, na kwenye bonde la mpunga usishangae ukiambiwa hapana moja kwa moja. Hili liulize kabla hujalipa hata shilingi ya udalali.

Andaa pia kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na kopi zake, na barua ya sheha. Sheha mfate mapema na kwa adabu, mwambie nia yako, mwonyeshe picha. Sheha wangu mie ndo alienambia kuwa kuna kalvati la zamani limezikwa na vifusi nyuma ya kiwanja changu, kitu ambacho hakimo kwenye ramani yoyote.

ULIZA MIPANGO MIJI KABLA YA KUCHORA

Narudia, KABLA. Nenda ofisi ya mipango miji na vijiji na ramani ya kiwanja yenye vipimo vya GPS, uliza mambo haya: eneo hili kwenye mpango limeandikwa nini? Kuna njia ya maji, mtaro uliopo au unaokuja, barabara, eneo la wazi? Natakiwa niachie umbali gani kutoka kwenye mtaro au bonde? Wakikujibu kwa mdomo waombe kwa ustaarabu wakuandikie, au wewe andika barua ya kuuliza ili wakujibu kwa barua.

Watu wanasema mpango mpango, mpango gani, mbona mji umejijengea tu. Kweli mji huu umechorwa mara nyingi, 1923, 1958, 1968 Wajerumani wa Mashariki, 1982 Wachina, na kila ukichorwa nyumba zinakuwa zishakwenda mbele kuliko kalamu. Lakini hio ni hoja ya barazani, siku gari la kuvunja limekuja huwezi kumwambia dereva khabari za Wachina. Ukiona nyumba imepigwa X nyekundu utajua nnachosema.

Kama uko ukingoni mwa bahari, mikokoni, kwenye kinamasi, au unajenga kitu kikubwa kama nyumba za kukodisha au hoteli ndogo, jiandae kuwa utapelekwa kwa ZEMA pia, watu wa mazingira. Na kama ni Mji Mkongwe hii yote iwache, kule kuna mamlaka yao wenyewe ya hifadhi na mambo yao mbali.

MCHORO

Mchoraji wangu wa mwanzo simtaji. Hakufika kiwanjani hata siku moja, alinitaka vipimo kwa WhatsApp, akanichorea nyumba ambayo nadhani kaichora mara ishirini kwa watu ishirini. Ukuta mzuri, madirisha mazuri, maji hakuna. Maombi yakarudi yameandikwa nionyeshe leveli na mtiririko wa maji. Nikakasirika siku ile, lakini walikuwa na haki.

Wa pili nilimwambia kabla ya bei, ukija kiwanjani tunazungumza, huji hatuzungumzi. Akaja na viatu vya mvua. Mchoro wa nyumba ya bondeni uwe na haya, na umuulize mchoraji moja moja akuonyeshe kwa kidole.

Leveli. Achague kitu kisichohama, kona ya ngazi ya msikiti, kifuniko cha kalvati, aandike hicho ndo sifuri, halafu ardhi yako iko kiasi gani juu au chini ya hapo, mstari wa mafuriko uko wapi, sakafu itakuwa wapi. Mie tumepandisha sakafu sentimita 60 juu ya alama ya mafuriko. Fundi akasema nyingi, mke wangu akasema ngazi zitakuwa nyingi, nikawaambia nyote mko sawa lakini mimi ndo nitakaetoa maji kwa beseni saa tisa usiku. Wewe waulize wanaotoa kibali wanataka kiasi gani eneo lako, ukipewa namba usishuke chini yake.

Maji ya bati. Hesabu yake rahisi, mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lako mita 12 kwa 10 ni mita za mraba 120, ikinyesha mvua ya milimita 50, na masika siku moja kuipata hio ni kawaida, bas ni lita 6,000. Lita elfu sita zinatoka juu ya nyumba YAKO peke yako, zilizokuwa zamani zinazama kwenye majani, sasa zinakwenda wapi? Zikienda kwa bibi jirani mkaguzi ataliona na bibi nae atakwenda kwa sheha. Kwenye mchoro weka gata, tangi la kuvunia (maji matamu hayo, ya kufulia na kumwagilia huyanunui), na ziada ipelekwe kwenye mtaro kwa bomba au shimo la kunywesha lililojazwa mawe, kama lile shimo lako la majaribio limeonyesha kuwa ardhi inakunywa.

Njia ya maji iliopo. Usiizibe. Kama maji yanapita kiwanjani toka enzi, yaachie ukanda, yachoree mtaro wa wazi pembeni wenye upana wa kutosha, nyumba isogee upande wa juu. Kiwanja changu kina upana wa mita 15 na nimetoa mita 3 kwa maji. Inauma, si uongo, mita tatu zile nilishazihesabu ni duka. Lakini hio ndo iliyonipitishia kibali.

Choo na karo. Kanuni inayotumika sana ni shimo likae mita 30 kutoka kisima cha maji na chini yake libakie mita moja na nusu hivi kabla ya kufika maji ya ardhini. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe kama Kusini na mashariki mwa Unguja usitegemee hata hio, maji yanapita kwenye nyufa yanafika mbali. Bondeni karo liwe la kujengwa, lipigwe plasta ndani na nje lisivuje, kifuniko chake kiwe juu ya alama ya mafuriko. Karo lililozama masika linamwaga kila kitu mtaani, na kipindupindu sisi hatukukisoma vitabuni.

Msingi na umeme sitavieleza sana, fundi mzuri anajua, mawe na zege la kutosha, mkanda wa zege wa chini, nailoni chini ya sakafu, nondo zifunikwe na zege sentimita 5 kule chini ardhini. Mchanga wa pwani msitie, una chumvi unakula nondo. Mchanga, kifusi na kokoto vina vibali vyao vya kuchimba na kusafirisha, gari ikija bila ya karatasi wewe ndo utakaebaki na lundo na maelezo. Soketi za umeme ziwe juu, mita moja hivi kutoka sakafuni, sio kule chini karibu na zulia.

KIFUSI

Nakitolea pahala pake maana hiki ndo ugomvi wenyewe. Shemegi yangu Pemba alinunua bondeni, akasema mie sitaki maneno mengi, akaleta gari za kifusi akajaza kiwanja chote mpaka kikawa kama jukwaa. Hakuomba kitu. Masika yakaja, kwake pakavu kweli, maji yote yakahamia kwa jirani wa kushoto ambae miaka thelathini hajawahi kuona maji ndani. Ikawa kesi kwa sheha, kutoka kwa sheha ikapanda juu, mwisho kafukua mtaro kwa gharama zake na kulipa godoro za watu. Na kibali alipokwenda kuomba akakuta khabari zake zishafika mbele yake.

Kwahiyo kifusi kiwe kwenye mchoro, unajaza wapi na kwa kina gani, na unaacha wapi. Jaza chini ya nyumba na njia ya kuingilia, sio kiwanja kizima. Kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 au 20, tabaka moja linyweshwe maji lishindiliwe ndo lije jengine, ukimwaga mita nzima kwa mara moja sakafu itakatika mwaka wa pili.

KUPELEKA MAOMBI

Uliza baraza lako ni dirisha gani, Mjini, Magharibi A na Magharibi B wana manispaa zao, Chake, Wete na Mkoani wana mabaraza ya miji yao, na mipango miji kwa upande wao. Chukua orodha ya vitu vinavyotakiwa siku hio hio, usitegemee orodha ya rafiki yako aliyejenga miaka mitano nyuma. Kwa ujumla utapeleka fomu, ushahidi wa ardhi, ramani ya kiwanja, michoro ya nyumba seti kadhaa, kitambulisho, barua ya sheha. Wewe wa bondeni ongeza karatasi moja ambayo hawakukuomba, iwe ukurasa mmoja tu, picha za masika zenye tarehe, namba za shimo, alama ya mafuriko, na mistari mitatu ya maelezo, maji yanaingia hapa, yanatoka hapa, sakafu iko hapa. Mie hio karatasi ndo waliyoisoma kwanza.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, ile ya ZanMalipo, unalipa benki au kwa simu unapata risiti. Mtu akikwambia mpe mkononi atakushughulikia, mwambie ahsante. Kibali kilichopitia mlango wa nyuma siku ya X nyekundu hakina wa kukitetea.

Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe, usimtume kijana. Vigingi viwe vimesimama, kile chenye alama ya mafuriko kifunge kitambaa chekundu. Akikuuliza kitu hukijui sema sikijui nitamuuliza mchoraji. Na akikwambia sogeza karo huku, andika pale pale mbele yake.

WAKIKUREJESHEA AU WAKIKATAA

Kurejeshewa sio kukataliwa. Soma walichoandika, mpe mchoraji, arekebishe kile kile, rudisha. Mie nilirudi mara mbili.

Ukikataliwa omba sababu kwa maandishi. Sababu ikiwa ni leveli au karo inarekebishika. Sababu ikiwa ni njia ya maji, au eneo la wazi, au bonde la mpunga, kaa chini uzungumze na familia yako na uzungumze na aliekuuzia. Unaweza kufata ngazi za juu, ni haki yako, lakini usianze msingi huku unafata, kuna watu wanadhani ukishafika linta watakuonea huruma. Mtoto wa ami yangu nimemwambia wazi, kiwanja kile aachane nacho, nyumba ya jirani tu ina mistari mitatu ya maji ukutani, mmoja juu ya mwengine.

KWA WALIO KARIBU NA BAHARI

Hapa hesabu inabadilika. Mvua peke yake si kitu kama imekutana na bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu bahari yetu inapanda na kushuka kama mita 4, na mtaro unaomwagia pwani hautoi kitu bahari ikiwa imejaa, maji yanasubiri mtaani. Kwahiyo alama yako ya mafuriko ichukue siku ya bamvua iliyokutana na mvua. Pemba kuna mashamba ya mpunga yameshaingiliwa na maji chumvi, muulize mtu wa Kisiwa Panza akueleze bahari ilikuwa wapi alipokuwa mdogo. Ukijenga kule usipime kwa bahari ya leo tu.

UKISHAPATA KIBALI

Soma masharti yote, na tizama tarehe ya mwisho wake. Kopi moja iwe kwenye eneo la ujenzi. Usibadilishe mchoro kimya kimya, ukitaka kuongeza chumba rudi kaombe. Waite wakague msingi kabla hujafukia, hata kama wamechelewa kuja wafate.

Majira yalionifaa mie ni haya: alama na picha nilichukua Aprili na Mei, karatasi na mchoro nikavifanya kipupwe, Juni mpaka Agosti, na msingi nikaupandisha kabla ya vuli haijashika. Ukianza msingi Machi utajenga kisima. Mtaro wa pembeni uchimbe mwanzo kabisa, kabla hata ya shimo la msingi, ili mvua ikikukuta katikati iwe na pa kwenda.

Halafu kibali chenyewe, risiti na hati, tia kwenye nailoni mbili ufunge, weka juu ya kabati. Bibi jirani karatasi zake zote za kiwanja zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, na sasa tunahangaika nae Kamisheni kutafuta kopi.